Ngao ya Mwalimu wa Ganuni

Azaiba, Maskati
Ijumaa

Kaka Harith,

Achari uliyoniletea kutoka Unguja imefika, ila imevuja ikaniharibia kanga mbili. Goti langu halijambo.

Jana klabu yetu ya taarabu iliwatunuku walimu wa muziki, ukumbini Ruwi. Niliwekwa kiti cha mbele, nami mjinga nikidhani nnajua sababu. Mara nasikia jina lako: mwalimu wa ganuni! Mimi nikaitwa kupokea ngao kwa niaba yako.

Kwa niaba yako! Wewe ulifundisha wiki tatu tu, ukafunga mizigo ukaenda zako Unguja kuuza vigae, na ganuni hujaigusa tena; jina lako tu ndilo lililobaki kwenye daftari la klabu. Miaka kumi na tisa wanafunzi wanakuja sebuleni kwangu, wanapiga ganuni yangu, wanakula vitumbua vyangu. Kisha ikaonyeshwa video uliyowatumia, umevaa kilemba, unawashukuru "wanafunzi wangu." Hind, niliyemshika vidole nikimwonyesha nyuzi tangu ana miaka minane, akaninong'oneza: "Mwalimu, huyu nani?"

Ulijua, Harith. Walikupigia simu mwezi mzima kabla, na hukuwaambia kwamba anayefundisha ni dada yako.

Ngao yako ipo juu ya friji, sikuivunja. Nimewaambia klabu kuwa baada ya Idi unakuja kuwapigia ganuni, wewe peke yako, saa nzima. Wamefurahi mno. Kadi za mwaliko wameshazichapisha.

Mimi nitakaa kiti kile kile cha mbele.

Dada yako,
Ghaniya