Gunzi la Mahindi Mgongoni mwa Shati

Mjukuu wangu Furaha,

Babu yako ni mzima kama dume la ng'ombe wa Ankole, sijaugua tangu nizaliwe. Naongopa: kila asubuhi nameza dawa ya moyo. Nyanya yako anakusalimia, na mbuzi wetu amezaa mapacha.

Unauliza kama kukoroma kwa baba yako ni ugonjwa. Tulipofika huku kambini Nakivale nyumba zilikuwa za plastiki, basi majirani walinisikia nikikoroma wakasema, "Huyo ndiye mwanaume!" Nikavimba kichwa, ingawa mchana nilisinzia hata juu ya jembe. Jumapili moja nikakoroma kanisani, kisha nikanyamaza. Pasta akamshukuru Mungu. Nyanya yako akapiga kelele, "Mama yangu, hapumui!" Akanitikisa mpaka nikavuta pumzi.

Akanipeleka hospitali ya Mbarara. Munganga, yaani daktari, akasema, "Mzee, pumzi inakatika ukilala, ndiyo maana moyo unadunda ovyo. Ungekawia, tungekuzika. Acha pombe hiyo ya waragi, usilale chali." Nyanya yako akashona gunzi la mahindi mgongoni mwa shati langu. Nikijigeuza chali, linanichoma. Mwanamke wa namna hiyo yuko mmoja tu, na ni wangu!

Ulipokuwa na homa nilikubeba mgongoni mpaka zahanati ya Kaberebere. Sasa nilipe: msikilize baba yako akilala. Akinyamaza ghafla, usishukuru kama pasta. Mwamshe, umpeleke kwa munganga.