Mifuko ya Kabichi Iliyofungwa Mara Mbili

SIRI. Bwana Afya, nakuomba sana, nakala hii aisome mmoja tu, wewe. Hata neno moja likitoka, litajulikana limetoka kwangu.

KIKAO CHA USHIRIKA WA MBOGA, MTONI
Jumatano, 9 Oktoba 1974, ofisi ya ushirika

Waliohudhuria: Nd. Apolinari (Mwenyekiti), Nd. Demetria na Nd. Mauwa (wakataji), wajumbe wengine sita, Nd. Audax (Katibu).
Hakuhudhuria: Nd. Leonardi (tumbo).

KUMB. NA. 1/74: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri.

KUMB. NA. 2/74: BARUA YA BWANA AFYA
Katibu aliisoma. Ilieleza kwamba wafanyakazi kumi na mmoja wa kiwandani waliharisha baada ya kula kachumbari ya kabichi yetu iliyokatwa. Kabichi iliyokatwa ikifungwa kwenye nailoni na kukaa kwenye joto, vijidudu huzaana upesi, wala mtu havioni wala havinusi. Iliagiza inayobaki jioni itupwe.

KUMB. NA. 3/74: NDUGU DEMETRIA
Mwenyekiti alieleza kwamba Nd. Demetria hanawi mikono, hivyo atolewe ushirikani kuanzia Jumamosi. Nd. Demetria alisema: "Mikono hii hii inawapikia wanangu, mbona wao wazima? Mkinitoa hapa, niende wapi?" Alitakiwa atumie lugha ya kikao.

KUMB. NA. 4/74: MFUKO
Nd. Mauwa alitoa kikapuni mfuko uliorudishwa na kantini ya kiwanda. Mdomoni ulikuwa na alama mbili za kufungwa kwa moto wa mshumaa. Alisema: "Demetria anafunga mara moja, asubuhi. Saa nane yuko kwake. Inayobaki inalala humu ofisini, na ufunguo unao wewe, Ndugu Mwenyekiti. Au siku hizi panya wanawasha mishumaa?" Wajumbe walicheka. Mwenyekiti alieleza kwamba kutupa mali ya ushirika ni hujuma. Kwa hiyo mifuko iliyobaki ilifunguliwa, ikanyunyiziwa maji, ikafungwa upya na kuchanganywa na ya kesho yake. Aliagiza hayo yasiandikwe, na uamuzi wa Na. 3 ubaki palepale. Katibu aliendelea kuandika.

KUMB. NA. 5/74: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na dakika arobaini.

Mwenyekiti: (hajasaini, anataka Na. 4 ifutwe kwanza)
Katibu: Audax

Usije ofisini, wala usiandike kwa sanduku la ushirika. Barua hufunguliwa na Mwenyekiti. Kabla ya Jumamosi mwone shangazi yangu Genoveva, anauza vitumbua Barabara ya Kilwa, hapa Mtoni. Mwambie wewe ni mgeni wangu, atakuleta. Mfuko ninao mimi. Mshumaa pia niliushika mimi, kwa kuamriwa. Niulize mbele ya Demetria, nitajibu.