Bega Lipi, Silisemi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, chumba namba mbili, Jumanne tarehe 17 mwezi wa tisa, kuanzia saa 4:10 asubuhi.

Jina: Mama Vifungo, ndivyo wote wanavyoniita. Umri: miaka 46. Kazi: fundi cherehani; mwisho wa wiki hufanya mazingaombwe kwenye sherehe za watoto. Makazi: vyumba vya nyuma ya kiwanda cha magodoro, mlango wa tatu.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mke wa Profesa amelala mahabusu siku mbili kwa jambo nililolianzisha mimi. Hapo Afande amenikazia macho. Nimemwambia andika tu, utaelewa.

Profesa ni mwanamazingaombwe mwenzangu, na kwa mchezo wa sanduku hana mpinzani. Anaingia ndani, mkewe analifunga kwa kufuli mbili na kulifunika shuka, na baada ya dakika moja Profesa anatokea mlangoni, nyuma ya watazamaji. Nililitazama onyesho hilo mara tatu, nimekaa kwenye viti kama watu wengine. Sanduku sikuligusa wala sikumuuliza mtu. Lakini mimi fundi, macho yangu huanzia kwenye nguo. Koti lake lilikuwa limechomoka nyuzi kwenye bega moja, palepale kila onyesho, kama linakwaruzwa na chuma. Nikarudi kwenye cherehani yangu nikiwaza, na nilipomaliza kupiga pindo la sketi ya tatu nilikuwa nimelielewa sanduku zima. Bega lipi, silisemi.

Kwetu sisi wa mazingaombwe, kuvumbua kwa kichwa chako si wizi. Wizi ni kupekua vyombo vya mtu, au kumrubuni msaidizi wake, au kuuchukua mchezo wake ukaufanya wako. Hayo sikuyafanya. Ningenyamaza basi, yangeisha. Ila mdomo uliniwasha.

Mnamo tarehe 31 mwezi wa nane, saa 11 jioni, nilimkuta Profesa akipakia vyombo kwenye gari nyuma ya ukumbi. Nikamwambia, "Kaka, lile sanduku lako nimeshalielewa. Sitalifanya wala sitamwambia mtu." Nilitaka anisifu, Afande, ukweli ndio huo. Uso ukamshuka. Akauliza, "Nani kakwambia?" Nikasema, "Bega lako." Akaona namdhihaki. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa akikunja shuka, akamtolea macho. Mkewe akaniambia, "Wifi, mbona unaniponza?" Nikaenda zangu.

Jumamosi tarehe 14 mwezi huu nilikuwa ukumbini, safu ya pili. Profesa alipanda jukwaani saa 9:20 alasiri. Nikaona bega la zamani limeshonwa vizuri, na nyuzi mpya zimechomoka bega la pili. Komeo la siri la ndani, lile linalomkwaruza bega, alikuwa amelihamisha upande kwa sababu yangu. Tena mkewe, alipokuwa akilifunga sanduku, mkono wake ulipapasa upande uleule wa zamani. Hakuwa ameambiwa.

Dakika ya kwanza ikapita, mlangoni hakutokea mtu. Ya pili ikapita. Watu wakapiga makofi wakidhani ni mbwembwe. Nikasikia kisigino kinagonga mbao, kisha kikaacha. Mkewe akafungua kufuli zote mbili, kifuniko kikagoma. Akawa anabonyeza upande wa zamani, anabonyeza tu, anawachekea watazamaji huku machozi yanamtoka.

Nikapanda jukwaani. Kulivunja mbele ya watu ni kuianika siri yake yote, na kungoja ni kumzika. Nikajitia uchangamfu, nikasema, "Haya, wote fumbeni macho, tuhesabu mpaka thelathini! Atakayechungulia anaharibu mchezo!" Watu kama mia mbili wakafumba, hata wazee wazima na ndevu zao. Kwenye kumi na nne nilikuwa nimelipata komeo, nikalibandua kwa mkasi wangu wa kazi. Profesa alikuwa hapumui. Mkewe akampulizia pumzi mdomoni, mimi nikavuta pazia. Kwenye ishirini na sita akakohoa. Jamani, sijawahi kusikia kikohozi kitamu vile.

Sasa nasikia Profesa alipozinduka hospitali alisema mkewe aliniuzia siri, kisha akalichezea komeo ili amuue. Afande, asilolijua atalichezeaje? Komeo jipya lilijulikana kwa Profesa peke yake, na mimi kwa kuliona bega lake. Alimficha mkewe jambo hilo kwa sababu ya sifa nilizokuwa nazitafuta. Naona aibu, na hilo naomba liandikwe.

Nimesomewa yote na ndivyo nilivyosema, hakuna aliyenilazimisha. Nimetakiwa niandike namna sanduku linavyofanya kazi, nimekataa.

Sahihi: Mama Vifungo

Maelezo ya ofisa: Niliagiza sanduku liletwe, na kwa ombi la shahidi nikawatoa nje askari wawili. Alinionyesha. Komeo ni jipya, lilikwama kwa skrubu iliyofungwa vibaya. Mbali na alama za mkasi wa shahidi, halina alama ya kuchezewa. Kupima madai yake kwamba hutambua kwa kutazama tu, nilimfanyia mchezo wa sarafu alionifundisha marehemu babu, ambao sijamwambia mtu. Aliniomba niurudie mara moja, kisha akaninong'oneza. Ni sahihi. Siri ya sanduku haimo katika jalada hili.

Mke wa Profesa ameachiwa saa 7:15 mchana. Nilimjulisha kuwa mumewe anaendelea vizuri na anaweza kwenda kumwona. Aliuliza komeo jipya lilikuwa upande gani.