Maziwa kwenye gari la Seifu

Patriki, leo nimeaibika. Usimwambie mtu.

Unajua pikapu yangu na ya Seifu ni pacha, zote za shamba la ngano. Sasa Seifu ametoa zile springi za bapa za mbele, amefunga springi za koili, zile za kujiviringisha, na shokapu mpya.

Jumamosi akampa Perpetua lifti kutoka Masakta. Mke wangu, Patriki. Akashuka na kibuyu chake cha maziwa anatabasamu. Eti, "Hata tone halijamwagika. Mpaka nikasinzia."

Akasinzia. Kwenye gari langu hajasinzia tangu nimuoe. Kwangu anafika amelowa maziwa mpaka magotini.

Wiki nzima ni wimbo huo tu. "Kwa Seifu nilisinzia."

Leo nikasema ngoja niione hiyo koili. Nikapanda kwa Seifu, kibuyu mapajani, naombea mashimo. Tukayapita yote, gari linanesa tu kama kitanda. Hata tone, Patriki.

Roho ikaniuma. Seifu alipogeuka kusalimia mtu, nikafungua kifuniko, nikayamwaga mwenyewe. Kwenye suruali yangu.

Nimefika nyumbani nimelowa. Nikamwambia Perpetua, "Unaona? Hata hiyo koili inamwaga."

Hakubisha. Akapokea kibuyu, akakigeuza, akauliza taratibu tu, "Na kifuniko chake?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa.

Nimempa mwenyewe, Patriki.