Maji ya Wote, Njia ya Mumbere

Saio, Bunia
Jumapili, tarehe 24 Januari 2010

Mpendwa mdogo wangu Mumbere,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu Saio. Afya yako ikoje, na ya wifi yangu Alliance? Mwanenu Bruno ameshaacha kukohoa? Hapa sote tu wazima. Goti la shemeji yako Zacharie limepoa, ila akisikia kuna kazi ya shamba linaanza kuuma upya. Mungu anatutunza hivyo hivyo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu nakujua. Mambo yakianza kuwa mazito unasema mtandao ni mbaya, haloo, haloo, halafu unakata. Karatasi haina mtandao. Dereva Liévin nimemwambia asiondoke kwako Kisangani mpaka aone macho yako yamefika mstari wa mwisho. Anakuletea pia samaki wakavu wa Tchomia. Sikuhongi. Au nakuhonga kidogo.

Kiangazi cha mwaka huu ni kikali. Visima vya kartie, mtaa wetu mzima, vimekauka, na bomba la mjini linatoa hewa tu. Imebaki ile chemchemi iliyo chini ya kiwanja ulichoachiwa na marehemu baba. Tunapanga bidoni zetu za maji tangu alfajiri, na zamu ni zamu. Watu ambao miaka saba iliyopita, wakati wa vita vya makabila, hawakuweza kulala mtaa mmoja, leo wanagombana juu ya nani alisogeza bidoni ya nani. Mimi naupenda sana ugomvi wa namna hiyo.

Basi, mwezi uliopita papa Evariste, yule mzee mwenye depo ya vinywaji karibu na soko, alitangaza kwamba atazungushia chemchemi uzio, ayafunge maji katika vifuko vya plastiki, ayauze. Kartie ikagawanyika. Wengine walisema ataleta umeme na kazi. Sisi wanawake tulisema atatuletea kiu, na tukaenda kwa chefu wa kartie mara nne. Kisha watu wakaanza kuulizana papa Evariste ni wa upande gani, na sisi tunaompinga ni wa upande gani. Hapo niliogopa kweli, maana unajua maswali kama hayo yalitufikisha wapi.

Jumatano iliyopita chefu alituita wote. Akaja na mtumishi wa serikali mwenye tai na faili. Yule bwana alisimama akasema kwa Kifaransa kwamba maji hayana mwenyewe, ni ya "domaine public". Alirudia mara tatu. Mama Adèle, jirani yetu yule aliyekuwa akitufukuza kwenye mapera yake, akainua mkono.

"Huyu Domaine Public iko mutoto ya nani? Iko wa kabila gani?"

"Mama," mtumishi akajibu, "ile haiko mutu. Maana yake maji iko ya batu yote. Leta, serikali, inachunga tu."

"Haina kabila?"

"Haina, mama."

"Basi ule ndjo wa kwanza hapa Bunia."

Mumbere, tulicheka mpaka papa Evariste mwenyewe akajifuta machozi. Tangu siku hiyo chemchemi imepata jina. Watu wanasema wanaenda kuchota kwa Domaine. Nilidhani tumeshinda.

Kumbe papa Evariste alikuwa na karatasi mfukoni. Alisema hana shida, maji na yawe ya wote, lakini njia ya kufikia maji inapita ndani ya kiwanja, na mwenye kiwanja amekubali kumuuzia. Akasoma jina lako, akaonyesha sahihi yako. Mtumishi wa serikali akafungua ramani, akasema ni kweli: maji ni ya wote, njia ni ya Mumbere.

Watu wote walinigeukia. Mimi niliyepiga kelele kuliko wote nilikosa pa kuweka uso. Lakini nilisimama, nikasema, "Mudogo yangu hakujua kama njia itafungwa. Akijua, atakataa." Nilisema hivyo kwa kinywa changu, bila kukuuliza. Sijui kama nilisema kweli. Kama ulijua, usiniambie kamwe.

Najua unataka kujenga huko, na kiwanja ni chako, sibishi. Uza upande wa juu wenye nyumba hata kesho. Mnunuzi nitakutafutia mimi, na lile paa linalovuja nitalisifia bila haya. Lakini njia iache. Mtumishi atarudi tarehe 10 Februari, na asipoona maandishi yako ya kukataa, papa Evariste atafunga njia siku hiyo hiyo.

Nikwambie jambo moja tu, halafu ninyamaze. Asubuhi ya kesho yake, baada ya mkutano ule, nilienda kuchota kama kawaida. Wanawake wakasogea pembeni. Mama Adèle akaniita mwenye kiwanja: "Pita, mama ya parcelle. Chota wa kwanza." Hakuwa ananikejeli, angenikejeli ningemjibu. Alisema kwa heshima, na wengine wote wakanisubiri nijaze. Nimechota pale miaka ishirini na mitano, sijawahi kuogopwa. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Msalimie sana Alliance, na Bruno, na Ornella ambaye nasikia sasa anasoma vizuri kukushinda wewe. Zacharie na goti lake wanakusalimu. Mungu awafunike mchana na usiku, na kazi ya mikono yako aifanye nyepesi.

Andika hapana, utie sahihi, umpe Liévin. Nataka kurudi mwisho wa mstari, nigombane na watu.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Yaya wako, dada yako mkubwa,
Kaswera