Koti Lenye Mfuko wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Aibu! Nimeshona mguu wa suruali ukazibika. Suruali ya mteja, ya kijivu, ya kuvaa kazini — nimepita na cherehani chini kabisa, mbele na nyuma pamoja, kama nafunga gunia. Yote kwa sababu simu ilikuwa pajani, na kwenye simu kundi letu la wasomaji lilikuwa linachemka: mpenzi wa siri wa Mshonaji ni nani?

Mshonaji ni mtu mdogo sana kwenye riwaya tunayoisoma mtandaoni. Sura thelathini na nane zimeshatoka, moja kila Ijumaa, na yeye katokea mara nne. Wenzangu wanalia na Malkia Pacha, na majoka, na Jemadari Kovu aliyeisaliti ngome. Mimi nalia na mwanamke mwenye sindano. Labda kwa sababu nimeolewa nyumba ya cherehani! Miezi mitatu na siku tisa leo. Mume wangu. Mume wangu, mume wangu. Nikiliandika neno hili mkono wenyewe unacheka.

Mama (ni mama mkwe, lakini alisema ukwe tuuache kwenye cheti cha ndoa) aliinua ile suruali, akaingiza mkono, ukagota chini. Akaniuliza mteja huyu ni mtu au nguva. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha akasema: hicho kinachokuchekesha kisome kwa sauti, angalau nijue suruali zangu zinakufa kwa ajili ya nini.

Nikasoma. Fundi Saa, mwenye duka mkabala na letu, alikuwa juu ya ngazi yake anaitengeneza saa yetu ya ukutani. Saa mbovu ile, jamani! Kila Jumatatu saa nne asubuhi lazima aje. Leo alishuka polepole kuliko alivyopanda. Nadhani naye alikuwa anasikiliza.

Ijumaa, 7 Machi

Sura mpya! Ngome inaanguka. Mshonaji anapanda juu ya ukuta, anarusha koti chini gizani. Mtu analidaka — hatuambiwi nani! Mshonaji anashuka, anakaa, anaendelea kushona vifungo mpaka maadui wanaingia. Basi. Nimelia mpaka chaki ikafutika kwenye kitambaa.

Mama hakulia. Alisema, rudia pale pa koti. Nikarudia: koti jeusi, kola ya ngozi, mfuko wa ndani upande wa kulia, wa kutunzia barua.

Akasema: basi ni yule jemadari.

Nani?!

Si ulinisomea juzi kwamba alitia saini kwa mkono wa kushoto? Mwanamume wa kawaida mfuko wake wa ndani unakaa kushoto, avushe mkono wa kulia kifuani atoe kitu chake. Ukiuhamishia kulia, umemshonea mtu wa mashoto. Na utepe wa kupimia haukuambii mtu anatumia mkono gani, mwanangu. Hilo unalijua kwa kumtazama. Sana.

Jemadari Kovu! Msaliti mwenyewe! Mshonaji wetu mpole, na yule! Mwili ulinisisimka mpaka nyweleni.

Kisha Mama akakata uzi kwa meno, akasema kitu ambacho sikukielewa: afadhali yeye alirusha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeiandika kwenye kundi. Mfuko, mashoto, kuvusha mkono, yote. Nilianza hivi: "Mimi kama fundi cherehani nimegundua jambo." Mimi! Mimi wa suruali ya nguva!

Naapa nilikusudia kuandika "mama mkwe wangu amegundua." Kidole kikaruka.

Kundi lina watu mia nne. Hakimu — ndiye mwenye kundi, nadharia zote anazipitisha yeye au anazitupa — kaandika: hii ndiyo yenyewe. Sasa naitwa Profesa wa Mifuko. Nilimwonyesha mume wangu, akanibusu kwenye paji la uso, akasema kumbe nimeoa bingwa.

Busu lile kwa haki lilikuwa la Mama. Nimelipokea hivyo hivyo, na shavu nikaongeza.

Jumanne, 11 Machi

Kuna mmoja anajiita Jino la Joka. Anasema hakuna fundi duniani anayehamisha mfuko, mwandishi kachanganya tu kulia na kushoto, na mimi cherehani naiona kwenye picha tu. Leta ushahidi, Profesa! Watu wakaanza kucheka. Hakimu akanipa mpaka jioni.

Naandika polepole sasa, maana sitaki kuandika.

Mama alikuwa ametoka kununua vifungo. Nikakumbuka kuna kitu juu ya kabati la dukani, kimefungwa kwa shuka nyeupe. Nilikiona wiki ya kwanza nikitoa utando wa buibui, nikaambiwa, hilo acha. Hilo acha! Maneno mawili tu, hata mtoto wa chekechea angeyaelewa. Nikapanda kiti nikalifungua. Koti. Bluu iliyokolea, halijavaliwa hata siku moja, bado lina nyuzi nyeupe za kushikizia kwa muda. Bitana yake ya ndani ni kitambaa chenye ndege wadogo wa njano. Mfuko wa ndani — kulia.

Nikapiga picha. Nikaituma. "Hili limeshonwa dukani kwetu." Nikalifunga tena kama lilivyokuwa, kona moja tu ya shuka ilinigomea.

Jino la Joka kaomba radhi mbele ya wote. Nimeshinda.

Alhamisi, 13 Machi

Wameiacha riwaya. Wanalijadili koti letu!

Jino la Joka, kwa toba yake yote, kaikuza picha. Anasema bitana hiyo si ya kununua, ni gauni la mwanamke lililokatwa, tazameni alama ya pindo la zamani. Mwingine kaandika: fundi kamvalisha mwanamume gauni lake kifuani! Mioyo myekundu ikamwagika. Mwingine: na hakumpa, nyuzi bado zimo. Mwingine: mume wa fundi ana habari? Vicheko. Wamepiga kura mwenye koti ni nani. Mteja, jirani au shemeji. Shemeji anaongoza!

Nilikwenda sebuleni kutazama picha za ukutani. Ya kwanza, wifi yangu siku ya kuhitimu shule, Mama pembeni yake. Mama kavaa gauni la ndege wa njano. Ya pili, marehemu baba mkwe, mwalimu, yuko ubaoni. Chaki mkono wa kulia.

Mungu wangu.

Nimeifuta picha yangu. Hakimu kaniandikia: usijali Profesa, tunayo. Imeshafika kwenye makundi mengine matatu.

Mama alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, anaimba kwa pua, anatia uzi sindanoni. Mimi ndiye niliyelia wiki nzima kwa ajili ya mwanamke mwenye sindano ambaye hata hayupo!

Ijumaa, 14 Machi

Wifi kapiga simu. Picha kaipata kwa mwenzake wa kazini. Gauni lile nalijua, kasema, nilifutia machozi pindo lake siku ya kuhitimu. Koti la nani, wifi? Mama yetu, mjane wa mwalimu, anapigiwa kura na watu wasio na kazi! Anakuja Jumapili. Akakata.

Mume wangu alisikia yote. Sauti ya wifi haihitaji spika. Niliongea mimi, nililia mimi, nilijieleza mimi. Yeye alisema neno moja tu: umemfanya mama yangu hadithi. Bora angenifokea! Alikula akitazama sahani. Kitandani akanigeuzia mgongo. Mara ya kwanza tangu tuoane.

Sura mpya imetoka. Sijaifungua.

Jumapili, 16 Machi

Nilimwambia Mama asubuhi, kabla wifi hajafika. Alikuwa anapiga pasi. Nikasema yote, nikitazama miguu yangu. Kwamba nadharia yake nimeiita yangu. Kwamba nimefungua shuka. Picha. Watu mia nne. Kura.

Pasi haikusimama. Akasema, kwa hiyo ile kona ni wewe. Tangu Jumanne najiuliza ni panya gani huyu anayejua kufunga fundo.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikanitoka, aibu juu ya aibu.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo: wanasema ni nani? Nikamwambia shemeji anaongoza. Akaguna. Yule? Yule hata kiuno chake sijawahi kukipima.

Wifi aliingia bila hodi, hakukaa. Mume wangu kasimama mlangoni. Wifi akauliza swali lake palepale: Mama, baba alikuwa hai?

Mama akazima pasi. Ndipo nikaogopa kweli.

Alisema: baba yenu alikuwa na miaka miwili kaburini. Nilishona taratibu miezi minne, likabaki kutolewa nyuzi. Wewe ukaniambia, na ulisimama hapohapo, Mama, watu wanauliza kwa nini yule jirani hakauki kwetu. Na wewe — akamgeukia mume wangu — ulikuwa na miaka kumi na minane. Ukamfuata dukani kwake, ukamwambia Jumapili asije tena nyumbani. Ulidhani sijui. Miaka saba hajakanyaga. Anakuja dukani Jumatatu, kwa ajili ya saa.

Fundi Saa! Nikamwona palepale akilini, juu ya ngazi, bisibisi mkononi. Mkono wa kushoto! Miezi mitatu nimemtazama sikumwona. Profesa wa Mifuko!

Na mdomo wangu huu usio na breki ukauliza: lakini Mama, mbona saa yenyewe haiponi?

Akasema: haijawahi kuugua. Nailegeza skrubu mimi mwenyewe, kila nikifunga duka Jumamosi. Naye anajua.

Wifi akakaa. Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba. Mume wangu alikwenda jikoni akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Hakuna aliyenilaumu tena. Kila mmoja alikuwa na lake. Lakini wao walimnyima Mama kitu kwa kuogopa maneno ya watu. Mimi ndiye niliyeyaleta hayo maneno mpaka ndani, nikayafungulia na mlango.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa dukani, daftari juu ya meza ya kukatia. Koti liko pajani.

Asubuhi Mama alitoa nyuzi nyeupe, uzi mmoja mmoja, akazikusanya kiganjani. Akalipiga pasi. Akanipa. Nikasema, Mama, mimi sistahili hata kulishika. Akasema: watu mia nne wamelitazama koti hili mpaka bitana. Mwenyewe tu bado. Wewe ulilishusha, wewe lifikishe.

Mume wangu akasema alibebe yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfukuza mtu. Mama akamjibu: zamu yako Jumapili, utakwenda kumwita. Basi akanisindikiza mpaka mlango wa duka kabla ya kwenda kazini. Kanishika mkono njia nzima. Sijui ndiyo kunisamehe, au naye alitafuta pa kujishikilia.

Nilimuuliza Mama nikifika niseme nini. Akasema usiseme kitu, maneno yako nimeshayaona.

Ni haki yake.

Lakini naogopa. Kama ameshaiona picha je? Na kura, na vile vicheko? Kama amejua kwamba amepigiwa kura kama jirani na akashika nafasi ya tatu? Miaka saba, mtu anakonda, anazeeka, anachoka kupanda ngazi. Labda hata mikono ya koti haimtoshi tena. Nilitaka kwenda mapema, Mama akasema hapana, mwache aje mwenyewe saa nne, kama kawaida yake. Nimsubiri hapahapa.

Nne kasoro dakika tatu.

Ndiyo kwanza nimeinua macho kutazama saa. Inakwenda. Inakwenda vizuri kabisa, dakika kwa dakika! Nimemuuliza Mama, juzi hukulegeza? Kasema, juzi nilikuwa na mawazo yako, mwanangu, ulivyokuwa unalia. Nilisahau.

Mlango wake umefunguka. Anatoka na ngazi begani. Bega la kushoto. Amefika kizingitini kwetu, ameinua uso kutazama saa, kama anavyofanya siku zote.

Anaitazama. Anaitazama sana. Ametoa na ile ya mfukoni, amelinganisha.

Haingii. Ngazi haishuki begani.

Cherehani ya Mama imenyamaza. Mama hasemi, ameshika kitambaa kwa mikono miwili — Mama, sema! — na yeye anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa. Anadhani tumemjibu! Anadhani ni kwa sababu ya picha, kwamba hatumtaki tena hata Jumatatu! Anaigeuza ngazi, anageuka, na mimi nimekaa naandika, bado naandika, kama kawaida yangu, koti li—