Bakr kwenye filamu mpya

Maram, uko?

Ile filamu ya walikotoka wale viumbe wa angani, tuliyoingoja miaka yote, imeonyeshwa leo hapa Langoni. Ovyo kabisa! Watu wakapiga kelele, "Tuletee Bakr!"

Marehemu Bakr, Maram, aliyekuwa akizitafsiri filamu kwa sauti yake! Eti asipotafsiri yeye haina ladha.

Mwenye ukumbi akazima sauti ya filamu, akaweka juu yake rekodi ya Bakr akitafsiri ile filamu ya kwanza ya viumbe hao. Watu wakaketi. Wallahi wote.

Mwisho wa rekodi Bakr akasema, kama alivyozoea kumaliza kila filamu, "Umulkheir, injika chai, naja."

Umulkheir mkewe, aliyeketi pembeni yangu, akaitika, "Labeka."

Ameitika, Maram!

Akainuka akaenda. Nikamfuata mpaka kwake, chai iko jikoni. Nikataka kufunga mlango, akanambia, "Uwache wazi. Si umemsikia? Yuaja."

Sikuufunga.